Geuza Trei

Bibi alinyoosha mkono kuifungua oveni. Mkwewe akajiweka katikati, mgongo kwenye mlango wa oveni, mikono kifuani.

"Nisamehe, mama. Haifunguliwi."

"Baba Kidoti, mkate unaungua."

"Nasikia harufu."

Bibi akarudi nyuma. Tangu amwoze huyu bwana binti yake, hajawahi kujibiwa hivi. Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu wa "ndiyo mama" na "sawa mama" mpaka unasahau kwamba yupo. Kumbe upole nao una ukomo.

Begi la Kidoti lilikuwa sebuleni, limeshafungwa zipu. Bibi mwenyewe ndiye aliyelipanga. Tangu wamzike mama yake, mtoto alikuwa hataki kula. Atachokoachokoa sahani, ataomba maji, kisha huyo kitandani. Mabega yalikuwa yamebaki mifupa. Bibi alikuja kumchukua, na hofu yake haikuwa ya bure: alishamzika mwana, nguvu za kumzika mjukuu hakuwa nazo.

"Niachie chakula cha leo tu," Fundi alikuwa amemwambia. "Akila, begi linarudi chumbani. Asipokula, nitalibeba mwenyewe mpaka kwako."

"Mwanamume peke yako, kutwa uko kazini. Utamlea vipi?"

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, mama."

Bibi alikubali kwa sababu aliujua mwisho wake. Akavuta kigoda, akakaa jikoni kumtazama akiumbuka. Lakini wapi. Kitunguu kilikaangwa taratibu mpaka kikalainika, viazi na karoti vikakatwa kwa saizi moja, supu ikatokota bila fujo. Unga ulikandwa mpaka ukawa laini, ukafunikwa kitambaa, ukaachwa uumuke bila haraka. Hapo Bibi akaanza kuingiwa na wasiwasi wa kushindwa. Ni pale mkate ulipoingia ndani, ukasukumwa wote upande wa kushoto, ndipo alipopumua.

"Hiyo oveni ina wazimu upande huo," alimwambia, maana hakuwa na roho mbaya. "Ukifika nusu, geuza trei." Maneno hayo alikuwa ameyasema jikoni humu humu mara nyingi, na hayakuwahi kusikilizwa.

"Najua, mama."

Alijua, na hakugeuza. Mtu anayeunga bati jembamba kwa moto bila kulitoboa, leo anashindwa na mkate. Bibi aliona hicho ni kiburi tu. Sikio la kufa halisikii dawa, alisema kimoyomoyo, kisha akajuta kulitaja neno kufa katika nyumba hii.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa jirani, ameshika sahani tupu.

"Nimerudisha sahani, Fundi. Ule mkate wa jana wanangu nusura wapigane. Laini, rangi moja pande zote, kama wa dukani." Akanusa hewa. "Leo vipi? Umepitiwa na usingizi?"

"Niko macho, dada."

Jirani aliangalia moshi, akamwangalia Bibi, akaaga. Bibi alimshukuru moyoni. Majirani wema husema uongo wa namna hiyo wakitaka kumpa moyo mfiwa.

"Na huo wa jana," akauliza, "Kidoti aliula?"

"Aliuangalia tu, akausukuma."

"Si unaona sasa?"

"Naona sana, mama. Ndiyo maana siondoki hapa."

Fundi alisubiri kidogo tena, kisha akafungua mwenyewe. Mkate ulitoka na sura mbili: kulia una rangi ya asali, kushoto mweusi tititi. Fundi aliuinua, akauzungusha, akautazama kama anavyotazama geti alilolimaliza. Bibi alishikwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na huzuni kubwa zaidi.

"Mtoto hali chakula kizuri, wewe unampa mkaa. Nenda kaniletee begi."

"Begi likae lilipo. Mwanangu haondoki." Hakupaza sauti. "Atakula humu, na atakulia humu."

Bibi alichukua kisu ili walau akwangue ule weusi. Fundi akakishika kisu kwa upole, akakitoa mkononi mwake.

"Usiukwangue, mama. Nakuomba."

Akakata vipande, akapakua supu, akaita. Kidoti alikuja akiburuta ndala, akapanda kwenye kiti bila kumtazama mtu. Bibi alienda sebuleni, akarudi na begi, akaliweka miguuni pake, mkono juu ya mshikio.

Mtoto alichukua kipande. Akakinusa. Akakigeuza mpaka upande mweusi ukamtazama usoni, akaugusa kwa kidole. Baba yake alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Kidoti akaanza kuuma hapo hapo, penye weusi. Akatafuna. Akachovya kwenye supu, akauma tena, na tena, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha pili kabla hajamaliza cha kwanza.

"Baba, ndio huu," akasema, mdomo umejaa. "Leo umeupatia wa mama."

Bibi akauachia mshikio wa begi, akavuta kiti mezani.

"Nikatie na mimi," akasema. "Hapo palipoungua."