Swali la Mzee Kilian

Henry alipiga magoti kwenye tope la uani, furushi la usipa, dagaa wa ziwani kwao, likiwa kichwani, akabisha hodi.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani, ingawa mwenye sauti alikuwa amemwona tangu anapanda kilima akiteleza kama mlevi.

"Ni mimi, mzee. Henry wa Liuli. Shikamoo."

"Marahaba. Ninyi watu wa ziwani hamchoki? Haya, ingia. Samaki watangulie."

Hii ilikuwa mara ya tatu. Posa ikirudishwa mara ya tatu, Mkumbi nzima inajua, hiyo imekufa na matanga hayaliwi. Na Jumapili alikuwa anakuja Stephano, mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga mjini, mwenye pikipiki mpya na ulimi wa kukuuzia maji ya mvua wakati wa masika. Scholastica, mposwa mwenyewe, alikuwa amemsubiri Henry kisimani, macho yamevimba. "Leo ukikosa, usinitafute tena," alisema. "Sitaki kukuona unalia."

Mahari haikuwa tatizo. Mzee Kilian hakutaka mbuzi wala blanketi. Alitaka jibu. Kila aliyekuja kumposa binti yake alikalishwa kwenye kigoda, akapewa kahawa chungu, akaulizwa: katika historia nzima ya taifa hili, ni nani wa kuheshimiwa kuliko wote? Ukikosa, unamaliza kahawa yako, unakwenda zako. Walimu walishateremka kilima kile, na katekista mmoja, wote wakiwa na kahawa tu tumboni.

Mara ya kwanza Henry alisema Baba wa Taifa. Nani asingesema? Kilian alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hilo lilikataliwa zamani sana, kijana." Mara ya pili alisema wazee wa Kingoni walionyongwa Songea wakati wa Majimaji, akasimulia habari zao mpaka akalia. Kilian naye alilia. Kisha akafuta pua. "Hilo nalo lilikataliwa. Mwaka ule wa njaa."

Tangu siku hiyo Henry hakupata usingizi. Nyavu zake zilikauka ufukweni mpaka panya wakazaa humo. Alimuuliza kasisi, akamuuliza nesi, akamuuliza hata mlevi wa kilabuni. Mama yake, Dorothy, alimshika sikio: "Wewe huko milimani unaposa, au unasomea digrii?" Mshenga wake, mzee Pankras, alijitoa kabisa. "Mimi ni mshenga, baba. Si mwalimu wa historia."

Sasa kahawa ilikuwa mkononi. Nyumba ilikuwa na ubaridi wa nyumba isiyo na mama. Kunigunda, mamake Scholastica, alikuwa amekwenda kumsalimia babake kwenye nyumba ya juu, mgongoni mwa kilima, tangu Scholastica hajaota meno. Watu wa Mkumbi walizoea kucheka: salamu gani hiyo isiyofika marahaba?

"Sema," Kilian alisema, akisogea mpaka magoti yao yakagusana.

Henry alifungua mdomo. Jina alilolibeba njia nzima kutoka Liuli likayeyuka. Alitazama nje kama mtu anayetafuta pa kukimbilia, akaona mteremko mzima umejaa ngolo, yale mashimo ya shambani ya Wamatengo, safu juu ya safu. Mvua ilikuwa inapiga, na udongo haujaenda popote.

"Yule mwanamke," akasema.

"Mwanamke gani?"

"Wa kwanza kuchimba ngolo. Bila yeye milima hii yote ingekuwa imeshateremka ziwani kwetu. Huyo analisha mpaka watu ambao hawajazaliwa."

"Jina lake?"

"Hana, mzee. Hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana namheshimu." Akaweka kikombe chini. "Na kama hilo nalo si jibu, mimi sina jingine. Nimekwisha."

Midomo ya Kilian ikaanza kucheza, kama mtoto anayekariri katekisimu. "Wa kwanza kuchimba... hakuna aliyemuuliza..." Ghafla akasimama, akavaa koti lake la kanisani, akalinyakua furushi la usipa, akatoka mbio mvuani bila kofia.

"Mzee! Nimepata au nimekosa?"

"Ngoja kwanza!"

Scholastica akatokeza kutoka jikoni alikokuwa akisikiliza; yeye na Henry walitazamana, kisha wakamfuata, wameshikana mikono wasianguke. Walimkuta juu kabisa, mgongoni mwa kilima, mbele ya mlango uliofungwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, furushi kichwani. Kwenye dirisha dogo alichungulia Kunigunda, macho yamevimba.

"Nani?" ikauliza sauti kongwe kutoka ndani.

"Ni mimi, baba. Kilian. Shikamoo. Nimekuja tena kumposa Kunigunda."