Kibanio cha Bibi

Pini ya cheni ya pikipiki ilimdondoka Shaweji mchangani. Alikuwa akipeleka posa yake mwenyewe, maana mshenga, baada ya kuangushwa mara mbili, alirudi kwa miguu.

Bibi mmoja aliyeanika muhogo kando ya njia akachomoa kibanio nyweleni. "Jaribu hiki, mjukuu wangu. Unakwenda wapi?"

"Kuposa kwa kina Mwanahawa. Nasikia bibi yake mkali!"

"Mkali mno," alisema bibi, akimshikia cheni mpaka viganja vikajaa grisi. "Haya, nipakie. Kibanio kikinifikisha kwangu, posa nitaipokea."

Shaweji akapiga goti. Bibi akalikanyaga, akapanda. Wakaondoka taratibu kama waliobeba mayai, mvi za bibi zikipepea, cheni ikilia kwa kila mzunguko.