Mti Mbele ya Kibao

"Ung'oe huo, mama," afisa habari alisema, akiunyooshea kidole mti uliosimama mbele ya kibao cha saruji. "Leo Siku ya Mazingira. Mkurugenzi atapanda wapi?"

Mtunza bustani alimtazama kama mtu anayetazama soli iliyokanyaga mavi. Miaka minne mfululizo mkurugenzi alipanda mche hapo, akapigiwa makofi, akaondoka, na mche ukafa kwa kiu. Wa tano ulipona. Aliunywesha mtunza bustani mwenyewe, kwa madumu aliyobeba kutoka kwake, maana bomba la ofisi lilikuwa limepigwa kufuli tangu Siku ya Maji.

Sasa shina lilikuwa nene kama mkono wa mtoto, na gome lake limeanza kupasuka.

"Si ndio huu alioupanda mwaka jana?"

"Picha za mwaka jana zimeshachakaa, mama."

Mkurugenzi akafika na glavu mpya, karatasi ya bei ikining'inia bado. "Mbona shimo halijachimbwa?"

Mtunza bustani akatupa jembe miguuni pake.

"Nyinyi mnapanda kwa mdomo tu," alisema, kwa sauti iliyowafikia wageni wote vitini. "Ung'oe mwenyewe, mheshimiwa. Mti ni wako."

Mkurugenzi akacheka kidogo, akainama, akalikamata shina kwa mikono miwili, akavuta.

Mti haukutoka.

Akavuta tena, jasho likimtoka, na wapiga picha wakasogea karibu.