Fomu ya Pili

Dawa za saratani zingeanza Jumatatu, na Raya alishaambiwa kwamba huenda zikayaharibu mayai yake yote. Fomu ya hospitali ilikuwa na visanduku viwili: kugandisha mayai peke yake, au kuyarutubisha kwanza kwa mbegu za mumewe, yagandishwe yakiwa viinitete.

"Viinitete," Idi alisema, akatia sahihi kabla mkewe hajashika kalamu. Kisha akamgeukia daktari. "Na mwenzangu akitangulia, mwanamke mwingine anaweza kunibebea mimba?"

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza dawa inamezwa kabla ya chakula au baada.

Daktari akainamisha macho. "Mkeo akiridhia kwa maandishi, inawezekana."

"Usilichukulie vibaya, Raya. Mama ndiye aliyesema niulize."

Kumbe lilishazungumzwa huko kwao.

Raya akaomba fomu nyingine. Akatia alama kwenye mayai peke yake, akaandika jina lake taratibu. Chini kabisa palibaki swali moja: mwenye mayai akifariki, yatupwe, au akabidhiwe nani?

Kalamu ikasimama hewani. Idi alikuwa ameshainama begani kwake, anasoma.