Asumini Kwenye Chupa ya Nne

Kila asubuhi, katika maabara ya kituo cha mafuta, Mahfudhi alikuwa akinusa chupa sita za mvuke wa mafuta ghafi na kutaja ukali wake, sifuri hadi kumi, naye Raya akiandika. Kwa kuwa pua ndiyo iliyokuwa kipimo, manukato yalikatazwa chumbani mle. Kwa miaka mitatu walikaa humo bila harufu yoyote miilini, kama watu wa ndotoni.

Siku hiyo, siku ya mwisho ya Raya kabla ya kuhamia kituo cha mbali, naye akiwa sasa amemkaribia, Mahfudhi alizibua chupa ya nne akasita. Ndani ya ule uvundo wa mayai viza mlikuwa na asumini.

"Raya, umejitia nini?"

"Kikuba cha maua ya asumini. Nimekibana kifuani, ndani ya koti."

"Wewe! Vipimo vyote vimeharibika. Bosi atatuchinja!"

"Na atuchinje." Raya hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Sitaki unikumbuke kwa mafuta ghafi."

Mvuke ulipanda taratibu, ukitetema kwenye jua la dirishani. Kalamu ya Raya ilikuwa bado inasubiri namba. Mahfudhi alifungua mdomo aitaje.

"Usiende," alisema.