Karanga ya Ukingoni

Tangu kiharusi kimpitie, mkono wa kulia wa Bi Shemsa ulilala pajani kama mgeni aliyechoka na safari. Mkeka aliokuwa akiushona ukasimama katikati. Daktari alimweleza polepole kwamba kichwani mna mahali panapoutuma mkono uende, na jirani yake pana pengine panapofungua vidole. "Hata tumbili yuko hivyohivyo," alisema.

Alasiri moja tumbili akaja dirishani, akaitazama sahani ya karanga mezani.

"Mfukuze, dada, atatumalizia karanga!" alipiga kelele Mashavu, mdogo wake, kutoka jikoni.

"Mwache kwanza. Nataka nimwone anavyofanya."

"Haya, umepata mwalimu!"

Mkono mweusi ukapenya kati ya nondo, taratibu kama ndotoni. Ungali hewani, kabla haujaifikia sahani, vidole vilikuwa vimeshafunguka kiasi cha karanga moja tu. Bi Shemsa akashangaa. Miezi yote hii yeye amekuwa akivibembeleza vidole palepale pajani, wala hajawahi kuutuma mkono kwanza.

Akaikazia macho karanga iliyokaa ukingoni mwa sahani. "Haya, nenda," akaunong'oneza mkono wake.

Ukanyanyuka, ukavuka ukingo wa meza. Mashavu alikuwa amefika mlangoni na mwiko wake. Tumbili naye alikuwa amerudi kuchukua ya pili. Juu ya sahani ikaelea mikono miwili, mmoja wa manyoya, mmoja wa hina iliyofifia, na kidole kimoja cha Bi Shemsa kikaanza kufunguka.