Salamu Zilizobaki Kwenye Foleni

Mtandao wa Kondoa, unaopitisha maneno kwa minara na kwa madishi ya mapaani kwa watu, ulikuwa na sheria moja: la dharura litangulie, salamu zisubiri. Zamoyoni aliijua, lakini mdomo nao una malezi yake. Binti yake alipojifungua na damu ikakataa kukoma, alimtumia kaka yake Athumani ujumbe wa sauti: "Shikamoo kaka. Za huko? Wifi na watoto hawajambo?" Ombi la damu likaja nyuma. Mtandao uliposikia shikamoo, ukautupa ujumbe mkiani mwa foleni.

"Mama, umeanza na salamu!" muuguzi alimaka. "Tuma tena, sema shida kwanza!"

Zamoyoni akaisogeza tena simu mdomoni. "Athumani, damu yako. Hospitali. Njoo."

Maneno yaliruka paa hadi paa kama cheche. Kabla jasho halijamkauka, Athumani aliingia mbio, kiatu mguu mmoja, mkono wa shati keshaukunja. Jioni binti alifumbua macho akaomba uji. Wodi nzima ilipiga vigelegele, na Zamoyoni akacheza mpaka kilemba kikamdondoka. Mtandao oyee!

Kesho yake ndugu hao walikuwa wamekaa benchi moja, mjukuu mapajani, simu ya Athumani ikalia. Ilikuwa sauti ya Zamoyoni: "Shikamoo kaka. Za huko?"

Walitazamana. Tangu jana walikuwa wamekumbatiana, wamelia, wamecheka, salamu hawakupeana.

"Marahaba," Athumani akaiambia simu.